Kufuata mieleka ya kale: Saqqara, Beni Hasan na Luxor

Tangu nirudi Tanga vijana wa klabu ninayofundisha wananidai picha, na wazee wa mtaani wananiuliza nilikwenda Misri kwa ziara ya nani. Nilikwenda kutazama watu wanavyoangushana. Si uwanjani, bali ukutani, ndani ya makaburi yaliyopakwa rangi zaidi ya miaka elfu moja kabla Wagiriki hawajaingiza mieleka kwenye Olimpiki yao, mwaka 708 KK. Haya nimeyakusanya kutoka daftari, risiti na picha za simu. Bei nimeweka pale nilipokumbuka kuandika.

Jumamosi 8 Februari 2025. Dar hadi Cairo

Basi la Tanga hadi Dar silielezi, kila mtu analijua. Viza ishughulikie mapema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiitupe chini ya begi: mimi niliulizwa nikiwa foleni, ikabidi nifungue begi zima mbele za watu.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Tanga anayesoma Al-Azhar, ambaye wenzake wote wanamwita Ustadhi, nami nikafuata. Anaishi Madinat Nasr, ghorofa ya nne bila lifti, pamoja na wanafunzi wa Mombasa, Pemba na Ngazija. "Shikamoo kocha, karibu, ngazi ndiyo mazoezi yenyewe." Walipika wali wa nazi ya kopo, wakaomba radhi kwa ajili ya kopo, tukala mpaka sinia likawa jeupe.

Baada ya chai mjadala ukaanza: sanaa za kupigana zilitoka wapi? Wengi wakasema China. Nami ndivyo nilivyofundishwa udogoni kwenye karate: mtawa Bodhidharma alitoka India, akaingia hekalu la Shaolin, akawafundisha watawa mazoezi, na dunia nzima ikajifunza kwao. Ni hadithi tamu, ila hekalu lenyewe lilijengwa mwishoni mwa karne ya 5 baada ya Kristo, na andiko linalomhusisha mtawa huyo na mazoezi ya mwili ni la mwaka 1624. Kijana wa Ngazija akadakia kwamba kwao kuna mrenge, ngumi za mikono mitupu, na hakuna Mchina aliyewafundisha. Mwenzake wa Pemba akauliza, sasa nyinyi mlifundishwa na nani? Kimya. Tukalala.

Jumapili. Saqqara

Saqqara iko kusini mwa Cairo, mwendo wa saa moja kama barabara haijaziba. Usafiri wa umma unakuacha mbali, kwa hiyo tulikodi teksi kwa nusu siku, pauni 1,000, yaani kama dola 20. Tulikubaliana kabla ya kupanda kwamba hatupitii duka la manukato wala kiwanda cha mazulia. Dereva akacheka, akasema hata yeye amechoka kuyaona.

Kwa atakayenifuata: vituo vikubwa sasa havipokei fedha taslimu kwa wageni, ni kadi tu. Kadi yangu ya benki ilikataa mara mbili dirishani, na nyuma yangu kulikuwa na basi zima la Waitaliano. Bibi mmoja wa Kimisri aliyekuja na wajukuu zake akatoa kadi yake, akalipa, nami nikamrudishia taslimu. Nilipotaka kumwongezea kidogo akanirudishia noti kiganjani na kunifunga vidole. Beba kadi mbili za benki tofauti, na uwaarifu kabla ya kusafiri.

Watu wote hukimbilia piramidi ya ngazi ya Farao Djoser. Sisi tulipita pembeni hadi kaburi la Ptahhotep na Akhethotep, mawaziri wa nasaba ya 5 ya Mafarao, karibu mwaka 2400 KK. Chumba ni kidogo, ukutani ni sanamu za kuchongwa zisizozidi unene wa ukucha. Katikati ya ng'ombe, ndege na watu wanaokanyaga zabibu, kuna wavulana wanaopigana mieleka.

Nilisimama pale mpaka Ustadhi akaketi chini. Mvulana mmoja amedaka mguu wa mwenzake na kumwinulia juu. Nimefundisha watoto miaka mingi, na mtoto asiyefundishwa hafanyi hivyo. Yeye hukumbatia shingo, akafumba macho, akasukuma. Kuacha shingo na kwenda mguuni ni jambo ambalo mtu mzima amekuonyesha, ukakataa, akakuonyesha tena. Kwa hiyo hata hapa, pa kale kuliko pote nitakapofika safari hii, mchezo umeshakuwa na walimu. Mwanzo wenyewe uko nyuma ya ukuta huu, na haukuchorwa na mtu.

Wala Misri si peke yake. Kule Khafaji, Iraq, ilichimbuliwa sanamu ndogo ya shaba ya wanamieleka wawili walioshikana mikanda ya kiunoni, kila mmoja na chungu kichwani, nayo ni ya milenia hiyohiyo ya tatu KK. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna watakaotaka nirudi na habari kwamba kila kitu kilianzia Afrika kikasambaa. Sikuiona habari hiyo. Binadamu ana mikono miwili, miguu miwili na kiuno kimoja. Ukimpa muda atagundua kupiga mtama popote alipo.

Mchana tukala koshari mjini: wali, makaroni, adesi, dengu na vitunguu vya kukaanga, sahani pauni 55. Inashibisha kupita kiasi, usiagize kubwa.

Jumatatu. Treni kwenda Minya

Minya iko kama kilomita 245 kusini mwa Cairo. Treni ya saa 4 asubuhi iliondoka saa 6. Hakuna aliyetangaza kitu. Watu walijua tu, sijui kwa njia gani, na wauza simiti waliendelea na biashara. (Mikate ile ya duara yenye ufuta inabeba njaa vizuri. Nunua miwili.)

Kiti cha mbele yetu alikaa mzee wa Kisudani, mwenyeji wa Kordofan, aliyekimbia vita mwaka 2023 na sasa yuko Minya kwa mwanawe. Aliposikia ninachofuata akahama kiti, akaja kukaa nasi. Alisema Khartoum, mtaa wa Haj Yousif, kila Ijumaa jioni kabla ya vita kulikuwa na mieleka ya Wanuba, uwanja unajaa, na hata nyumbani milimani wapiganaji hujipaka majivu. Kwao mchezo unaisha mtu anapoangushwa, hakuna kugaragazana chini. Akanionyesha kwa mikono yake kwenye mikono yangu: viganja vinawindana mbele, mgongo umeinama, macho yako kwenye magoti ya mwenzako. Ustadhi alikuwa anatafsiri, halafu akaona tafsiri haihitajiki.

Mzee anaamini wale wanamieleka Wanubi waliochorwa kwenye mahekalu ya Farao ni babu zake. Inawezekana, ila milima ya Nuba kwao Kordofan na Nubia ya Wanubi hao, kando ya mto Nile, ni mbali sana, na miaka ni mingi. Sikumbishia. Aliposhuka alituachia mfuko wa machungwa, naye ndiye mkimbizi kati yetu.

Usiku Minya kuna baridi ya kweli mwezi wa pili. Hoteli ya kawaida karibu na stesheni, pauni 700 kwa chumba cha vitanda viwili, maji moto ukivumilia. Mapokezi walituambia wageni wa nje huongozana na askari wakienda makaburini, tusishangae. Chakula cha jioni: kuku na mulukhiya. Mtanzania yeyote akiletewa bakuli hilo atajua ni mlenda, na atakula bila kuulizwa.

Jumanne. Beni Hasan

Hii ndiyo siku niliyoitokea nyumbani.

Teksi ya kwenda, kusubiri na kurudi ilikuwa pauni 900. Saa 2 asubuhi askari kanzu akajitokeza, akakaa mbele, akasalimia, akalala. Tukavuka mto kwa daraja la Minya, tukashuka kusini kwenye ukingo wa mashariki kama kilomita 20 na ushei: miwa, punda, matrekta ya miwa, mashamba ya majani ya mifugo yenye kijani cha kuumiza macho, halafu ghafla jabali. Ukipenda unaweza kupitia Abu Qurqas upande wa pili na kuvuka kwa kivuko, lakini dereva hakupenda.

Tiketi chini, kisha ngazi ndefu za mawe. Panda asubuhi, hakuna kivuli. Juu yake, kwenye mstari mmoja wa jabali, yamechongwa makaburi 39, na wageni hufunguliwa manne: la Baqet III, la mwanawe Khety, la Amenemhat na la Khnumhotep II. Hawa walikuwa watawala wa jimbo, wa nasaba ya 11 na ya 12, kuzunguka mwaka 2000 KK. Mlinzi mwenye funguo alikuwa mzee mwembamba mwenye kilemba cheupe. Hatukuwa na mgeni mwingine, wala hakuja mwingine kwa saa tatu.

Kaburi la Baqet III ni namba 15. Ukuta wa mashariki, ule unaokukabili ukiingia, umejaa wanamieleka kuanzia karibu na dari: safu juu ya safu, zaidi ya jozi 200. Rangi imefifia na kuna sehemu zimechubuka, lakini macho yakizoea giza wanaanza kujitokeza mmoja mmoja. Katika kila jozi mmoja ni mwekundu wa udongo na mwenzake ni mweusi zaidi. Si suala la kabila. Mchoraji alitaka ujue mkono ni wa nani pale miili inapokuwa imesukwa pamoja, na anayefundisha kwa picha leo anahangaika na tatizo lilelile. Kiunoni wana mkanda tu.

Nilianza kusoma kama nisomavyo mkanda wa video. Wawili wanakaribiana, mikono mbele. Wanashikana vifundo. Mmoja anaingia chini ya kwapa. Anakumbatia kiuno kutoka nyuma. Huyu hapa amedaka mguu mmoja, mwenzake anamsukuma kichwa kumwondoa. Safu inayofuata mtu yuko kichwa chini miguu juu, amebebwa msobemsobe begani. Kuna kabali, kuna mtama, kuna mmoja ameanguka kwa mikono na magoti na mwenzake amempanda mgongoni akitafuta shingo. Mieleka ya huku haikuishia kwenye kuanguka kama ya yule mzee wa treni. Waliendelea chini.

Je, ni pambano moja lililogawanywa vipande mia mbili, au ni orodha ya mbinu? Mimi nasema ni vyote. Kuna mahali jozi tatu au nne zinafuatana sawasawa, mkono haujabadilika, uzito umehama tu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kisha mtu yuko hewani. Halafu jozi inayofuata haihusiani kabisa. Ndivyo daftari la mwalimu lilivyo: mbinu inakwenda mpaka mwisho wake, unaruka mstari, unaanza nyingine.

Nilimwomba Ustadhi asimame pale mlangoni, nje ya kaburi, nimshike kama jozi mojawapo ya kudaka mguu. Kwenye picha mshikaji ameweka kichwa upande wa ndani, kifuani kwa mwenzake. Ndivyo ninavyofundisha, kwa sababu ukikiweka nje unajikabidhi shingo. Askari wetu, aliyekuwa amepanda kwa kuburura miguu, sasa alikuwa macho kabisa. Akaingia kwa Baqet, akaanza kumuuliza mlinzi katika kila jozi nani anashinda. Wakabishana. Mlinzi alikuwa upande wa wekundu.

Chini ya wanamieleka hao hao kuna vita: ngome imezingirwa, wapiga mishale, mashoka. Kwa Khety, namba 17, ni mpango uleule, mieleka juu na kuzingira ngome chini. Kwa hiyo sidhani mchoraji alikusudia burudani tu. Jimbo lilikuwa na askari wake, na hawa ndio vijana waliokuwa wakitayarishwa.

Kwa Khnumhotep II usipite haraka ukidhani mieleka imekwisha. Pale pana ule msafara maarufu wa watu wa Asia wenye mavazi ya rangirangi, wakija mwaka wa 6 wa Farao Senusret II. Na kwa anayependa habari za wachimbaji: Howard Carter, yule aliyegundua kaburi la Farao Tutankhamun, alianza kazi Misri hapa akiwa na miaka 17, mwaka 1891, akinakili kuta hizi.

Picha kwa simu zinaruhusiwa, flashi hapana. Mlinzi tulimpa bakshishi ya pauni 100 kwa sababu alituachia muda. Kwa mgeni wa dakika kumi, pauni 30 zinatosha. Beba maji na chakula, hapana duka la maana.

Jumatano. Minya hadi Luxor

Zaidi ya saa sita za treni, nikalala karibu zote.

Alhamisi. Medinet Habu, na harusi

Tulikaa ukingo wa magharibi, upande wa mashamba, nyumba ya familia inayopangisha vyumba. Ni nafuu kuliko mjini na uko karibu na makaburi. Tiketi za makaburi madogo tulinunua kwenye ofisi kuu ya tiketi, ukipita masanamu ya Memnon. Ulizia hapo kwanza kabla ya kwenda kusimama mbele ya mlango uliofungwa.

Medinet Habu ni hekalu la Ramesses III, aliyetawala 1186 hadi 1155 KK. Katika ua wa kwanza, upande wa kusini, kuna dirisha ambalo Farao alijitokeza kuwatazama watu, na chini yake kumechongwa jozi za wanamieleka na za wapigana fimbo, Wamisri dhidi ya Wanubi na wageni wengine, huku wajumbe wa mataifa wakiangalia. Maneno yamechongwa pembeni: Mmisri anamtambia Mnubi kwamba atamwangusha mbele ya Farao, na mwamuzi anamwonya mmoja anayekaba shingo ajihadhari, mfalme yupo. Kwa hiyo kanuni zilikuwepo, mwamuzi alikuwepo, na mdomo mrefu kabla ya pambano pia ulikuwepo.

Lakini tazama matokeo: hakuna Mnubi hata mmoja anayeshinda. Kule Beni Hasan mbinu ndiyo iliyotawala ukuta, na mshindi hujui ni nani mpaka ubishane kama askari wetu. Hapa mshindi alijulikana kabla fundi hajashika patasi. Kama kocha niliondoka Medinet Habu na kidogo. Kama mtu aliyewahi kupelekwa ugenini kupigana mbele ya mwamuzi wa wenyeji, niliondoka na mengi.

Jioni mwenye nyumba akatuita harusini kwa jirani. Shaabani ilikuwa katikati, na kama kwetu, kila mwenye mtoto wa kuoza anakimbizana na Ramadhani. Mtaa ulikuwa umefungwa kwa taa na mabenchi. Zumari zikalia, ngoma kubwa ikaingia, na wanaume wawili watu wazima, kanzu pana na fimbo zinazowafika kifuani, wakaanza kuzungukana. Huo ni tahtib, ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2016. Fimbo inazungushwa juu ya kichwa, inashuka ghafla kutafuta kichwa cha mwenzako, naye anaipokea kwa yake. Ukifika kichwani unaigusa tu, hupigi. Aliyepitwa anatabasamu na kumwachia mwingine nafasi.

Mtu aliyekulia pwani hakai kimya hapo. Nikamwambia Ustadhi, hii si kirumbizi, ile ngoma ya fimbo ya Lamu? Fimbo, duara, zumari, harusi, na wazee ndio wanaowazidi vijana. Sidai Lamu walichukua Luxor wala Luxor walichukua kwa mtu. Ila walipoona miguu yangu inacheza wakanipa fimbo. Mzee wa miaka ya sabini hivi alinigusa kichwani mara tatu kabla sijajua fimbo yake ilipo, na kila mara kina mama walipiga vigelegele kwa mgeni.

Ijumaa. Kaburi la Kheruef

Asubuhi kabla ya swala tukapita Asasif kwa Kheruef, ofisa wa Farao Amenhotep III. Ni mchongo mzuri kuliko yote niliyoiona safari nzima: sherehe za yubile ya mfalme, watu wakipigana kwa mabua ya mafunjo, na wengine kwa ngumi tupu, wamekabiliana na mikono imekunjwa. Ngumi ni chache sana kwenye kuta za Misri ukilinganisha na mieleka, kwa hiyo kama una nafasi ya kaburi moja tu la ziada Luxor, liwe hili. Mkono wa nyuma umeinuliwa juu mno kwa macho ya bondia wa leo. Mbele ya mfalme huenda ilikuwa ni onyesho, wala hakuna aliyetaka kupoteza jino.

Jumapili. Cairo tena

Treni ya usiku, baridi ya kiyoyozi isiyo na huruma, chukua kikoi. Siku ya kupumzika kabla ya ndege nilikaa Madinat Nasr na wale vijana, nikaunganisha simu kwenye televisheni yao na kuwapitishia Baqet safu kwa safu. Mpemba na yule wa Ngazija wakakunja mkeka, wakasukuma makochi ukutani, wakaanza kufuata: vifundo, kwapa, kiuno, mguu. Walifika jozi ya nane. Ya tisa ni ile ya kichwa chini miguu juu, na kijana wa Ngazija ana kilo 90. Jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Ustadhi akateremka kuomba radhi, akarudi na mtoto wa jirani, miaka kumi hivi, anataka naye afundishwe, tukahamia wote juu ya paa.